Kuhamisha Mchezo, Kuhamisha Somo: Funzo la Ufaraguzi Kutokana na Michezo ya Konsoli za Mkononi

UTANGULIZI

Neno ufaraguzi si geni kwa mwalimu mwanafunzi. Amelisikia tangu juma la kwanza la masomo yake chuoni, na aghalabu amelielewa kuwa ni kutengeneza zana ya kufundishia kwa vitu vinavyopatikana mahali alipo: vizibo vya soda badala ya vihesabio vya dukani, boksi kuukuu badala ya kadi, udongo wa mfinyanzi badala ya ramani ya miinuko. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Yanatuambia ni kitu gani kimebadilishwa. Hayatuambii ni kitu gani hakikuruhusiwa kubadilika. Hapo ndipo masomo mengi yanapoharibika. Mwalimu huleta vizibo vingi vya kupendeza, wanafunzi wakafurahi kuvipanga na kuvipangua, lakini kanuni iliyokusudiwa, mathalani kufunga mafungu ya makumi, ikawa imepotea njiani.

Makala haya yanachukua mfano kutoka mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia. Wako watu katika nchi mbalimbali ambao kwa kupenda tu, bila kuagizwa na kiwanda wala kulipwa na mtungaji, huichukua michezo ya kompyuta iliyotungwa na watungaji huru, wakaihamishia kwenye konsoli za mkononi ambazo haikutengenezewa. Kazi yao ni ufaraguzi mtupu, na yeyote anayeichunguza atajifunza mambo mawili yanayomhusu mwalimu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba huwezi kuhamisha kazi yoyote kutoka chombo kimoja hadi kingine mpaka umejua ni nini ndani yake hakibadiliki. La pili ni kwamba kitu unachokihamisha kina mwenyewe.

Mfano huu una faida nyingine kwa mwalimu wa shule ya msingi. Hesabu zake ni za madarasa ya juu ya shule hiyo: uwiano, sehemu, Kigawo Kikubwa cha Shirika, mwendo na muda. Tena zinaweza kufundishwa kwa daftari la mirabaraba, bila kompyuta hata moja darasani.

MAANA YA MANENO

Kabla ya kuendelea yafaa tuelewane juu ya maneno manne.

Konsoli ya mkononi ni kompyuta ndogo iliyoundwa kwa ajili ya michezo, yenye skrini na vitufe vyake, inayoshikwa kwa mikono miwili. Mifano yake ni Game Boy Advance iliyotoka mwaka 2001, Nintendo 3DS ya mwaka 2011, na PlayStation Vita iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 2011. Utengenezaji wa Vita ulikoma mwaka 2019.

Mtungaji huru ni mtu mmoja, au kikundi kidogo cha watu, anayetunga mchezo bila kuajiriwa na kampuni kubwa. Mara nyingi mtu huyo huyo ndiye mchoraji, ndiye mtunzi wa muziki, na ndiye mwandishi wa programu.

Msimbo chanzo ni maagizo ya programu jinsi alivyoyaandika mtungaji, katika lugha ambayo binadamu aliyefunzwa anaweza kuisoma. Mashine huyatafsiri maagizo hayo yakawa mlolongo wa namba ambao kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, huufuata. Wachezaji kwa kawaida hupewa mlolongo huo wa namba tu. Msimbo chanzo hubaki nyumbani kwa mtungaji.

Kuhamishia mchezo ni kuufanya uende katika chombo ambacho hapo kwanza haukuweza kwenda. Uhamishaji huitwa usio rasmi pale ambapo haukufanywa na mwenye mchezo wala kwa agizo lake.

KUFULI YA KONSOLI

Konsoli haifanani na kompyuta ya mezani kwa jambo moja kubwa. Kompyuta ya mezani hukubali programu yoyote atakayoiweka mwenye kompyuta. Konsoli nyingi hukubali programu zilizotiwa saini na kiwanda tu. Saini hiyo si ya kalamu. Ni hesabu maalumu ambayo konsoli huikagua kila programu inapofunguliwa, na ikiwa hesabu haikubali, programu haifunguki. Kiwanda huweka kufuli hiyo kuzuia nakala za wizi na kuhakikisha kwamba kila kinachouzwa kimepita mikononi mwake.

Konsoli iliyofunguliwa ni ile ambayo programu zake za ndani zimebadilishwa ili isikatae programu zisizo na saini ya kiwanda. Kwa PlayStation Vita njia ya namna hiyo, iliyopewa jina la HENkaku, ilitolewa hadharani mwezi wa Julai 2016. Tangu hapo wapenzi wa chombo hicho wameandika na kuhamishia programu nyingi.

Hapa mwalimu lazima awe na msimamo ulio wazi mbele ya wanafunzi wake. Kufungua konsoli kuna hatari: chombo kinaweza kukataa kuwaka tena, na mwenyewe anaweza kupoteza dhamana ya kiwanda. Isitoshe, nchi mbalimbali zina sheria zinazohusu uvunjaji wa kufuli za namna hii. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1998. Kadhalika mlango ule ule anaopitia mpenzi mwenye nia njema unaweza kupitiwa na mwizi wa nakala. Kwa hiyo tunazungumzia jinsi kazi hii inavyofanyika, ili tuielewe. Hatumwagizi mwanafunzi yeyote akafungue chombo cha mzazi wake, wala mwalimu akafungue chombo cha shule.

KWA NINI MCHEZO HAUHAMISHIKI KAMA ULIVYO

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kufuli imeondolewa, kwa nini mchezo usinakiliwe tu kutoka kompyuta hadi konsoli? Jibu ni lugha. Kila aina ya kichakataji ina lugha yake ya namba. Vichakataji vilivyozoeleka katika kompyuta zenye mfumo wa Windows ni vya ukoo uitwao x86, na kile cha Vita ni cha ukoo uitwao ARM. Kumpa kichakataji cha ARM namba zilizoandikwa kwa x86 ni sawa na kumpa mwanafunzi wa darasa la pili kitabu cha Kichina. Herufi ziko, kurasa ziko, lakini hapana asomaye.

Wahamishaji wana njia tatu za kuvuka kizuizi hicho.

Njia ya kwanza ni kupata msimbo chanzo. Mtungaji akiutoa, mhamishaji huutafsiri upya kwa lugha ya kichakataji kipya, kisha hurekebisha sehemu zinazogusa chombo chenyewe: skrini, vitufe, sauti na mahali pa kuhifadhi maendeleo ya mchezaji.

Njia ya pili ni kuiandika programu upya tangu mwanzo. Mhamishaji huutazama mchezo unavyotenda, hupima kila mwendo wake, kisha huandika programu yake mwenyewe itakayotenda vivyo hivyo. Njia hii ni ndefu na yataka uvumilivu mkubwa.

Njia ya tatu ilianza kutumika sana kwenye Vita tangu mwaka 2021. Simu nyingi za Android nazo zina vichakataji vya ukoo wa ARM. Kwa hiyo mchezo uliokwisha kutolewa kwa simu una namba ambazo Vita inaweza kuzifuata. Kinachokosekana ni huduma za mfumo wa simu, na hizo ndizo mhamishaji anazoziandika upya, ili mchezo unapoomba huduma fulani ujibiwe na Vita kana kwamba umejibiwa na simu.

MFANO WA CAVE STORY

Mchezo unaotufaa kwa mfano ni Cave Story, ambao kwa Kijapani huitwa Doukutsu Monogatari. Mtungaji wake, Daisuke Amaya, aliutunga peke yake kwa muda wa miaka mitano: picha, hadithi, muziki na programu. Aliutoa bure kwa kompyuta za Windows mwezi wa Desemba 2004. Wapenzi waliufasiri kwa Kiingereza, nao ukaenea ulimwenguni. Baadaye matoleo ya kuuzwa yalitengenezwa kwa konsoli kadhaa, lakini halikutoka toleo rasmi la PlayStation Vita. Wenye Vita waliotaka kuucheza hawakuwa na njia ila uhamishaji.

Msimbo chanzo haukutolewa na mtungaji, kwa hiyo njia iliyofuatwa ilikuwa ile ya pili. Iliandikwa programu iitwayo NXEngine, ambayo hutenda kazi ya programu ya Amaya bila kuwa programu ya Amaya. Kwa kuwa msimbo wa NXEngine uko wazi kwa kila mtu, uliweza kutafsiriwa kwa vyombo vingi, Vita ikiwa mojawapo.

Ili kuelewa jambo hili hapana budi kutenganisha vitu viwili vilivyomo katika kila mchezo. Kimoja ni injini, yaani kanuni: mhusika akiruka anapanda kwa mwendo gani, akianguka anashuka vipi, adui akiguswa kunatokea nini. Kingine ni data: picha, ramani, maneno ya wahusika, na muziki. Injini ni kama kanuni za bao. Data ni kama ubao wenyewe uliochongwa na fundi fulani kwa nakshi zake. Kanuni za bao ni zile zile ukicheza kwenye mti wa mpingo au kwenye mashimo uliyochimba ardhini.

Hata muziki wa Cave Story unaonyesha utengano huo. Amaya hakurekodi nyimbo. Alizihifadhi kama noti, katika mfumo alioubuni mwenyewe uitwao Organya. Faili la wimbo lina maagizo ya noti ipi ipigwe lini na kwa sauti ya aina gani. Anayehamishia mchezo hana budi kuandika mpigaji, yaani sehemu ya programu inayosoma noti hizo na kuzigeuza kuwa sauti. Mwalimu wa muziki analifahamu jambo hili: karatasi ya noti haina sauti mpaka apatikane wa kuisoma.

HESABU YA SKRINI

Sasa tuingie katika hesabu. Picha ya Cave Story ina nukta, au pikseli, 320 kwa upana na 240 kwa urefu. Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba hizo ni 80, na uwiano wake ni 4:3. Skrini ya Vita ina pikseli 960 kwa 544. Kigawo Kikubwa cha Shirika ni 32, na uwiano ni 30:17. Uwiano wa kwanza na wa pili haulingani. Kwa hiyo picha haiwezi kuijaza skrini pasipo kupoteza kitu. Mhamishaji hana budi kuchagua atapoteza nini.

Anaweza kuivuta picha ijaze skrini yote. Upana utazidishwa kwa 960 ÷ 320, yaani mara 3. Urefu utazidishwa kwa 544 ÷ 240, yaani mara 2 na 4/15. Kila kitu kitanenepa kwa takriban theluthi moja: duara litakuwa yai, na mhusika mwembamba atakuwa kibonge.

Anaweza kuikuza picha mpaka ifikie urefu wa skrini bila kuharibu uwiano. Hapo duara litabaki duara, lakini kila pikseli 15 za asili zitatakiwa kuenea katika nafasi 34. Kwa kuwa nusu ya pikseli haichoreki, 11 kati ya hizo zitapewa nafasi mbili mbili na 4 zitapewa nafasi tatu tatu. Mistari iliyokuwa sawa itaonekana mingine minene na mingine myembamba.

Anaweza pia kuizidisha kwa namba nzima, mara 2. Picha itakuwa 640 kwa 480. Zitabaki pikseli 160 kila upande wa kushoto na kulia, na 32 juu na chini, ambazo zitaachwa nyeusi. Picha ni ndogo, lakini kila pikseli ni mraba kamili kama alivyoichora mtungaji.

Mwanafunzi akiulizwa ni njia ipi iliyo bora, asikimbilie kujibu. Jibu linategemea ni kitu gani kinachohesabiwa kuwa ndio mchezo. Ikiwa ni uchoraji wa nukta, njia ya tatu yafaa. Ikiwa macho ya mchezaji ni dhaifu na skrini ni ya inchi 5 tu, huenda njia ya pili ikawa ya huruma zaidi. Njia ya kwanza ndiyo inayoharibu umbo. Mtu asiyejua hesabu huichagua hiyo kwa sababu imejaza skrini.

HESABU YA MWENDO

Skrini ni jambo la macho. Mwendo ndio moyo wa mchezo. Cave Story husogea kwa hatua 50 katika kila sekunde. Skrini ya Vita huchora picha upya mara 60 katika kila sekunde. Mhamishaji asiyekuwa mwangalifu ataagiza hatua moja kwa kila mchoro, na mchezo utakwenda hatua 60 kwa sekunde badala ya 50. Huo ni mwendo wa mara 1.2. Mruko uliochukua sekunde moja utachukua 5/6 ya sekunde. Vitu vyote vitaonekana vile vile kwa mtazamaji wa pembeni, lakini mchezaji aliyezoea ataanguka shimoni kila mara.

Suluhisho linatokana na uwiano. Uwiano wa 60 na 50 ni 6:5. Basi katika kila michoro sita ya skrini, mchezo uende hatua tano, na mchoro mmoja urudie picha iliyotangulia.

Mfano wa pili ni rahisi zaidi. Mwaka 2015 watungaji wawili, Maddy Thorson na Noel Berry, walitunga kwa siku nne mchezo mdogo uitwao Celeste, wa msichana anayepanda mlima. Waliutunga kwa PICO-8, ambayo ni konsoli ya kufikirika tu: ni programu yenye mipaka iliyowekwa kwa makusudi, picha ya pikseli 128 kwa 128 na rangi 16. Kutokana na mchezo huo mdogo ulikuja kutengenezwa mchezo mkubwa wa jina hilo hilo uliotoka mwaka 2018, na ule wa kwanza sasa hujulikana kama Celeste Classic. Msimbo wa michezo ya PICO-8 unasomeka na yeyote, kwa hiyo wapenzi waliuandika upya kwa lugha nyingine na kuufikisha hata kwenye Game Boy Advance.

Skrini ya Game Boy Advance ina pikseli 240 kwa 160. Picha ya 128 kwa 128 inaingia bila kukuzwa, ikiacha pikseli 56 kila ubavuni na 16 juu na chini. Mchezo huenda hatua 30 kwa sekunde, na skrini hiyo huchora karibu mara 60. Basi hatua moja kwa kila michoro miwili. Mhamishaji akisahau kugawa kwa mbili, msichana atapanda mlima kwa mwendo maradufu, na mchezo uliokuwa mgumu kwa kipimo utakuwa hauchezeki kabisa.

Mwalimu mwanafunzi aione hoja iliyofichika hapa. Picha ndogo haikuua mchezo. Rangi kufifia hakukuua mchezo. Kilichoweza kuuua ni badiliko la mwendo, ambalo katika picha tuli halionekani hata kidogo. Vivyo hivyo katika somo: kukosa kadi za rangi hakuui somo la sehemu, linaloliua ni kugawa mkate wa kuchora katika vipande visivyolingana, kisha kuviita robo.

HAKI YA MWENYE KAZI

Tumesema kwamba mchezo una injini na data. Utengano huo una maana kubwa kisheria. Anayeandika injini mpya kwa jasho lake anaweza kuigawa injini hiyo. Hawezi kugawa picha na muziki wa mtu mwingine bila ruhusa. Ndiyo sababu NXEngine huhitaji mafaili ya mchezo wa asili: injini huja mikono mitupu, na mchezaji ndiye anayeileta data kutoka kwenye nakala yake. Wahamishaji walio waangalifu hufuata utaratibu huo huo.

Mfano mzuri wa mtungaji aliyefungua mlango kwa hiari ni Terry Cavanagh wa Ayalandi. Mchezo wake uitwao VVVVVV ulitoka Januari 2010, na ulipotimiza miaka kumi, Januari 2020, aliutoa hadharani msimbo chanzo wake. Ruhusa aliyoitoa ina masharti: msimbo usitumiwe kwa biashara, na picha na muziki wa mchezo havikuwekwa pamoja nao. Alifungua injini, akashika data. Kila mhamishaji alijua mpaka uko wapi.

Penye mpaka usiojulikana hutokea ugomvi. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni yenye haki ya kutoa matoleo ya kuuzwa ya Cave Story ilidai kuondolewa kwa kazi za wapenzi zilizotokana na kuifumua programu ya asili, na kazi hizo zikaondolewa mahali zilipokuwa zimewekwa. Wapo waliostaajabu, kwa kuwa mchezo wenyewe ulitolewa bure mwaka 2004. Staajabu hiyo inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kupewa kitu bure ukitumie si sawa na kupewa haki ya kukinakili, kukibadili na kukigawa. Mgeni aliyekaribishwa chakula hakupewa sufuria.

Hata hivyo upande wa pili nao una hoja, na mwalimu mwadilifu hataificha. Vyombo hufa. Duka la Nintendo la kununulia michezo ya 3DS kwa mtandao lilifungwa tarehe 27 Machi 2023, na tangu siku hiyo mchezo uliokuwa ukiuzwa humo tu haununuliki tena kwa chombo hicho. Mwaka 2021 kampuni ya Sony nayo ilitangaza kwamba ingefunga duka la Vita, kisha ikaghairi baada ya malalamiko ya wateja. Kazi iliyofungiwa katika chombo kimoja huishi kadiri chombo hicho kinavyoishi. Wahamishaji, kwa kuzoea kuzitoa kazi katika vyombo vinavyokufa, wamezirefushia maisha kazi ambazo pengine zingesahaulika. Haki ya mtungaji na uhai wa kazi yake ni mambo mawili yanayopaswa kupimwa pamoja.

Swali hili si la ng'ambo peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Mwalimu anayetoa nakala za kitabu kizima na kuwauzia wanafunzi wake amesimama mahali pale pale aliposimama mhamishaji anayegawa data isiyo yake. Mwalimu anayeisoma kanuni katika kitabu, akaielewa, kisha akatunga mazoezi yake mwenyewe, ameandika injini yake.

NAMNA YA KUFUNDISHA DARASANI

Somo lifuatalo limekusudiwa darasa la sita, kwa vipindi viwili vinavyofuatana, jumla dakika 80. Zana ni daftari za mirabaraba, penseli, rula, sarafu na kokoto. Lengo ni kwamba mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kuhamishia mchezo kutoka ubao mmoja hadi mwingine bila kubadili kanuni zake, na aeleze kwa hesabu alichochagua.

Utangulizi (dakika 10). Wanafunzi wataje michezo inayochezwa kwa vyombo tofauti: bao la ubao na la ardhini, mpira wa dukani na wa makaratasi. Kwa kila mmoja waulizwe: nini kimebadilika, na nini hakikubadilika?

Maarifa mapya (dakika 25). Kila kikundi kichore ubao wa miraba 8 kwa 6, kiweke mwanzo, mwisho na mashimo matatu, na kiandike kanuni tatu za kusogeza kokoto kwa kurusha sarafu. Wacheze mara moja. Kisha wapewe chombo kipya: ubao wa miraba 24 kwa 14. Kila mraba wa zamani ukifanywa 2 kwa 2, mchezo utachukua 16 kwa 12, na itabaki miraba 4 kila ubavu na 1 juu na chini. Wakiuvuta ujaze ubao wote, upana utazidishwa kwa 3 na urefu kwa 2 na 1/3. Wajionee wenyewe umbo likiharibika. Kikundi kitakachojaza pembeni kwa miraba mipya ya kuchezea kisikemewe; kiulizwe kama safari ya kokoto bado ni ya urefu ule ule.

Zoezi la mwendo, kiwanjani (dakika 25). Darasa lipige makofi 60 kwa mwendo sawa. Mwanafunzi wa kwanza apige hatua kwa kila kofi. Wa pili apige hatua tano katika kila makofi sita, akisimama kwenye kofi la sita. Mwisho wa kwanza atakuwa amekwenda hatua 60, wa pili 50. Wapime umbali kati yao na kuulinganisha na hesabu. Ikiwa hailingani, wajadili kwa nini. Urefu wa hatua za watoto wawili ni somo jingine zuri.

Majadiliano ya haki (dakika 15). Vikundi vibadilishane michezo. Kila kikundi kiandike juu ya karatasi yake kinachoruhusu na kisichoruhusu: je, wengine wanaweza kucheza, kunakili, kubadili, kuuza? Mwalimu asiwaamulie. Mtoto aliyetunga kitu na kukiona kikinakiliwa bila jina lake ataijua maana ya hakimiliki kabla ya kuisikia sheria.

Hitimisho (dakika 5). Mwalimu aulize swali moja: mtu aliyeshinda kwenye ubao wa kwanza, akiletewa ubao wa pili, ataweza kutumia ujuzi ule ule? Jibu likiwa ndiyo, mchezo umehamishwa. Likiwa siyo, umetungwa mwingine.

MWISHO

Kabla ya kuandika andalio la somo lolote linalohitaji ufaraguzi, mwalimu mwanafunzi ajizoeze kuchora mstari katikati ya karatasi. Upande wa kushoto aandike yale ambayo yakibadilika somo linakufa: kanuni, kipimo, mfuatano wa hatua. Upande wa kulia aandike yale yanayoweza kubadilishwa kwa vitu vya mahali pale: umbo la zana, rangi, ukubwa, wingi. Mkufunzi atakayekuja kumkagua katika mazoezi ya kufundisha atazitazama zana zilizoko upande wa kulia, lakini maksi atazitoa kwa kilichookolewa upande wa kushoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Skrini ya juu ya Nintendo 3DS, mchezo unapochorwa bila kina, ina pikseli 400 kwa 240. Mchezo wa pikseli 320 kwa 240 ukiwekwa humo bila kukuzwa, zitabaki pikseli ngapi kila upande?

2. Chagua somo moja la sayansi la darasa la nne lililokusudiwa kufundishwa kwa zana ambayo shule yako haina. Orodhesha mambo yasiyobadilika na yale yanayoweza kubadilika.

3. "Kilichotolewa bure hakina mwenyewe." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano miwili, mmoja wa michezo ya kompyuta na mmoja wa vitabu vya kiada.